Kijimeli cha Plastiki na Duara Lenye Mstari

Majuzi nilipata kwenye mitumba, pale Mlango Mmoja, sanduku la kijimeli cha plastiki cha kuunganisha. Ni feri ya Ulaya. Mpwa wangu aliitazama picha, akanuna. "Mjomba, mimi nataka Victoria."

Basi tukaamua kuigeuza. Wanaocheka wakumbuke kwamba hata MV Victoria ilikuja kwa vipande. Iliundwa Glasgow kwenye karakana ya Yarrow, ikafunguliwa, ikasafirishwa hadi Kisumu, ikaunganishwa upya na kuanza kazi mwaka 1961. Kabla yake William Mackinnon ilitoka Paisley vivyo hivyo, ikashushwa ziwani mwaka 1900.

Vyuma vya kushikilia pembezoni mwa sitaha tulivitengeneza kwa waya mwembamba wa shaba uliotoka kwenye mota mbovu. Mashua za kuokolea watu tulizichonga kwa wembe kutoka kwenye ndala kuukuu. Kamba ni uzi wa nyavu, na huo Mwanza hautafutwi. Taabu ilikuwa jina. Kwa kipimo chetu, mita moja ya meli ni nusu sentimita, hivyo herufi ya nusu mita inakuwa milimita mbili u nusu. Kijana wa steshenari alichapa mara tatu kwenye karatasi ya gundi. Ile ya wino wa maji ilichuruzika mara tu tulipopaka vanishi; ya mashine ya unga ndiyo iliyodumu.

Kwenye karatasi hiyohiyo tulichapa alama ya shehena, lile duara lililokatwa na mstari ubavuni mwa meli. Nikaibandika mahali nilipoona inapendeza. Jirani yetu, mzee aliyewahi kufanya kazi melini, akapita. Shikamoo, marahaba, kisha akainama.

"Hapo umeshaizamisha," akasema.

Nami nilikuwa na wenzangu wa zamani. Alama hiyo iliwekwa na sheria ya Uingereza ya mwaka 1876, iliyopiganiwa na mbunge Samuel Plimsoll, lakini hadi mwaka 1890 mwenye meli aliweza kuichora popote apendapo!

Tukaleta karai la maji. Mtoto akapanga misumari tumboni mwa kijimeli, kikatulia. Akaihamishia misumari ileile sitaha ya juu. Kikalala ubavu, kikapinduka. Hatukuongeza hata msumari mmoja.

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akamweleza mtoto habari za tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipopinduka ikikaribia Mwanza, na watu zaidi ya 800 wakafa katika meli ya abiria 430. Akamwambia pia kuhusu makaburi ya Igoma.

Mtoto aliibandua alama kwa ukucha, ikachanika. Jumatatu tulirudi steshenari kuchapisha nyingine, na safari hii yeye ndiye aliyeshika rula.