DAWA YA MITI ISITUACHISHE SINDANO

(Maneno ya Kamati ya Afya katika mkutano wa wanachama. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuhudhuria.)



Leo hatusemi habari za mbolea wala bei ya pamba. Tunasema habari ya mwenzetu. Msimu uliopita mwanachama mmoja alibebwa usiku kwa machela hadi barabarani, hajitambui. Ni mgonjwa wa kisukari, anajidunga insulini kila siku. Mnadani aliuziwa unga wa mizizi akaambiwa: sindano tupa, unga unatosha. Siku ya tatu alikuwa anatapika, kiu haikatiki, anahema kama aliyekimbia. Bahati alifika hospitali mapema, wakamrudishia insulini, akapona. Yeye mwenyewe ametutuma tuseme haya, ila jina tusiliandike ukutani.

Jamani, hatukuja kuwatukana waganga. Nani hapa hakunyweshwa mwarobaini utotoni? Na wataalamu nao hawaidharau miti. Pale Muhimbili kitengo cha kuchunguza dawa za asili kilianzishwa mwaka 1974, na mwaka 2002 nchi yetu ilitunga sheria ya tiba asili. Hata metformini, kile kidonge wanachopewa wagonjwa wengi wa kisukari, asili yake ni mmea wa Ulaya uitwao Galega. Mmea wenyewe una sumu. Wataalamu waliichunguza dawa iliyomo, wakatengeneza nyingine inayofanana nayo isiyo na madhara yale, na mwaka 1957 daktari Jean Sterne wa Ufaransa akatangaza matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa.

Basi kuchunguza ndiko huko: kupima, siyo kusikia. Wakati mwingine kipimo kinakataa. Kule Brazil watu wengi walikunywa chai ya majani ya mzambarau kwa ajili ya kisukari. Watafiti wakawagawa wagonjwa, hawa wakanywa chai ya mzambarau, wale wakanywa chai nyingine. Sukari haikushuka kwa sababu ya mzambarau.

Sasa insulini ni nini? Hutengenezwa mwilini na kongosho. Kazi yake ni kuiingiza sukari kutoka kwenye damu mpaka ndani ya mwili ikafanye kazi. Ikikosekana, ni kama mazao yamerundikwa nje ya ghala na mwenye funguo hayupo: nje yanaoza, ndani kuna njaa. Ndiyo maana mgonjwa anakonda huku damu imejaa sukari.

Wapo ambao kongosho lao halitengenezi insulini kabisa, wengi wao watoto na vijana. Zamani mtoto wa namna hiyo hakuwa na dawa. Alikonda mpaka akafa. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best, huko Toronto nchini Kanada, waliipata insulini kutoka kwenye kongosho la mnyama. Januari 1922 alidungwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa karibu kufa, naye akaishi miaka mingine 13. Mpaka leo hakuna jani wala mzizi uliothibitika kushika nafasi ya sindano hiyo. Wapo na watu wazima ambao insulini yao haitoshi. Wengine vidonge vinawafaa, wengine daktari amewaongezea sindano. Hao nao wasiache kwa shauri la mnadani.

Tukumbuke mwaka 2011. Watu walipanga foleni siku nyingi kule Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Wapo waliorudi wakaacha dawa zao za hospitali. Tusirudie kosa hilo.

Iko na hatari ya pili. Baadhi ya miti huenda ikashusha sukari kweli. Ukichanganya na insulini bila daktari kujua, sukari inashuka kupita kiasi: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Mtu huyo akiwa bado anameza, mpeni maji ya sukari upesi. Akiwa hajitambui msimtilie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Kwa hiyo Kamati inaomba tukubaliane haya:

Kwanza, asiache mtu sindano wala kuipunguza mpaka ameongea na mganga wa zahanati.

Pili, anayekunywa dawa ya miti aiseme zahanati, na mganga wa jadi naye aambiwe kuhusu sindano. Kuficha ndiko kunakoua.

Tatu, insulini isiachwe juani wala karibu na jiko. Asiye na friji aiweke ndani ya mfuko usiopitisha maji, kwenye chungu kilichozungukwa na mchanga wenye unyevu, mahali pa kivuli.

Nne, ushirika ukopeshe nauli ya kufuata insulini mjini. Mwenzetu alikiri kwamba unga aliununua kwa sababu ulikuwa rahisi kuliko nauli. Hapo kosa si lake peke yake, ni letu sote.

Ndugu wanachama, la nne linahitaji kura. Mkutano ujao tuje wote.



Kamati ya Afya