Ukifika Mombasa na Mtoto, Mle Wapi?

Ni mimi tena, muuguzi wenu wa jamii. Sogeza kigoda karibu na redio, na ukiwa na mtoto wa kunyonya mweke titini tuzungumze.

Juzi kliniki, mama mmoja alimaliza kumpima mtoto uzito, akafunga leso yake, kisha akarudi mlangoni. Akaniuliza, "Sista, mwezi ujao naenda Mombasa kwa baba watoto. Kule hakuna mbuzi, hakuna jiko langu. Tutakula wapi?" Mumewe ni mlinzi huko. Ana watoto wawili, na mdogo ana miezi saba.

Nilicheka kidogo, halafu kicheko kikaisha. Swali hilo si dogo. Vijana wetu wamekuwa wakiteremka pwani kwa miaka mingi, kuuza shanga, kucheza ngoma kwenye hoteli za watalii na kulinda majumba ya watu. Mama hufuata baadaye na watoto. Chumba alichopangisha mzee mara nyingi kina godoro na ndoo tu. Kwa hiyo siku za mwanzo lazima mtakula nje, upende usipende. Na mtoto mdogo akiharisha katika joto la Mombasa, maji humwisha mwilini upesi sana.

Nianze na safari, maana shida haingoji mfike. Kutoka Isiolo mpaka Nairobi ni siku moja. Halafu kuna basi la usiku, au treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ambayo huwashusha Miritini, nje ya kisiwa. Basi litasimama Mtito Andei usiku, mtoto analia njaa, na dirishani kuna sahani za sambusa na soseji zilizokaangwa saa ngapi hakuna ajuaye. Hapo nunua ndizi ya kumenya mwenyewe, au yai la kuchemsha lenye ganda lake zima. Chapati kavu za kutoka nyumbani zinafaa. Maziwa usibebe kwenye chupa ya plastiki safari nzima, hata kama umeyachemsha. Na mtoto ambaye hajafikisha miezi sita usimtafutie chochote. Hoteli yake ni wewe. Kula wewe vizuri, unywe maji mengi, umnyonyeshe kila anapotaka.

Sasa mmefika. Mombasa, mama, ni mji wa chakula. Asubuhi mitaani utakuta mahamri na mbaazi za nazi, na viazi karai vya rangi ya manjano vinatoka kwenye mafuta. Mchana ni pilau, biriani, wali wa nazi na samaki wa kupaka. Jioni moshi wa mishikaki umejaa barabarani. Sisi tuliokulia maziwa na nyama tunaweza kushangaa mpaka tukasahau kunawa. Sitaki uogope chakula hicho. Nataka ujue kukichagua.

Acha nikusimulie yangu, ingawa ni aibu kwa muuguzi. Kifungua mimba wangu alipokuwa na miezi kumi na minne nilimpeleka Mombasa kwa dada yangu anayekaa Likoni. Mchana tulikula wali wa nazi na samaki kwenye hoteli nzuri, safi, yenye feni na vitambaa mezani. Chakula kilikuwa moto, na hakuna aliyeumwa hapo. Lakini kilibaki. Kwetu chakula hakitupwi, kwa hiyo nikaomba nifungiwe. Nikakitia mkobani, tukazunguka mjini, tukavuka feri, tukapiga soga. Saa moja usiku mtoto akalia njaa. Nikatoa ule wali, nikaupasha juu ya jiko, nikamlisha nikijiona mama hodari.

Saa nne usiku alianza kutapika, kisha akaharisha. Jirani wa dada yangu, bibi mmoja mtu mzima, alisikia kilio akaja. Hakuuliza mengi. Aliuliza tu, "Mwanangu, umempa nini?" Nikamwambia. Akashika kiuno. "Tui halilali," akasema. "Hata jioni halifiki. Kwani kwenu hamjui?"

Nami kweli nilikuwa sijui, na diploma yangu kabatini. Kwetu maziwa tunayatia kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, yanaganda, yanakaa siku kadhaa na bado ni chakula. Kumbe nilifikiri tui la nazi ni kama maziwa. Tui halina kibuyu. Katika joto lile lenye unyevu huchacha siku hiyo hiyo. Na wali wenyewe una jambo lake: kuna kijidudu kinachokaa kwenye mchele, hakifi chote kwa kupikwa, na wali ukiachwa vuguvugu kwa saa nyingi hutoa sumu. Sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha ukatoa moshi. Ndiyo maana kupasha kwangu hakukusaidia kitu. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kule pwani, kwa mtoto mdogo, mimi nasema kipikwe, kiliwe, kiishe. Agiza sahani moja mle wawili. Ikibaki, ale baba.

Basi tuje kwenye swali lenyewe, wapi. Watu hudhani nyumba nzuri ndiyo salama na kibanda ndicho kichafu. Si hivyo. Mwaka 2017 pale Nairobi watu waliokuwa kwenye mkutano katika hoteli ya kifahari waliugua kipindupindu, wengine wakalazwa. Hao hawakula kando ya mtaro. Kwa upande mwingine, mama anayekaanga viazi karai mbele ya macho yako, mafuta yakichemka, anakupakulia kwa kijiko na unakula kingali moto, huyo mimi namwamini kuliko sinia la biriani lililopambwa tangu asubuhi. Ila ile chatini ya ukwaju au nazi iliyoko kwenye kopo mezani, ambayo kila mtu anachovya, mwache nayo.

Kwa hiyo asubuhi nenda mapema, wakati mahamri yanatoka karaini. Mbaazi ziwe zinachemka sufuriani. Mtoto wa miezi saba anaweza kula mbaazi zilizopondwa vizuri, laini, na ni chakula cha kumjenga. Mwambie mwenye kibanda akupakulie kabla hajatia pilipili. Watu wa pwani ni wapole ukiwaendea kwa adabu. Msalimie kwanza, "Shikamoo mama," kama ni mtu mzima, ndipo uombe. Ukianza na "Lete hapa!" kama tunavyozoea huku kwetu, utapewa, lakini hutapakuliwa kwa moyo.

Mchana, Mji wa Kale pale Kibokoni na Barabara ya Makadara kuna hoteli za chakula cha Kiswahili ambazo wenyeji wenyewe hula. Siwatangazii hoteli ya mtu. Nakwambia tu ingia saa sita au saa saba kunapojaa, kwa sababu sufuria inayomalizika haraka haina chakula cha jana. Saa tisa alasiri, kilichobaki kimeshapoa. Kabla ya kukaa tazama mambo machache bila haraka. Je, kuna maji ya kutiririka na sabuni ya kunawa? Beseni moja la watu wote si kunawa, ni kuambukizana. Anayeshika pesa ndiye anayeshika chapati kwa mkono ule ule? Nzi je? Ukutani panapaswa kuwa na leseni, na wahudumu wa chakula nchini Kenya hupimwa afya na kupewa cheti kila miezi sita. Unayo haki ya kuuliza, ingawa najua akina mama wengi mtaona haya.

Samaki aliyekaangwa na kuwekwa kwenye kabati la kioo, omba arudishwe kwenye mafuta mpaka awe moto ndani. Kisha kwa mtoto mchambue kwa vidole vyako, si kwa macho. Sisi hatukuzoea miiba. Mishikaki na kuku wa jioni ni vizuri, ila pasua kipande. Ukiona damu, rudisha. Kachumbari ni mbichi, imeoshwa kwa maji usiyoyajua. Mtoto asile.

Na hapo kwenye maji nikae kidogo. Mombasa imezungukwa na bahari lakini maji ya kunywa ni taabu. Maji ya mfereji hutoka mbali, mengine chemchemi za Mzima kule Tsavo, mengine Baricho kule Kilifi, na hayafiki kila mtaa kila siku. Hivyo watu hununua mitungi kwenye mikokoteni, au huteka visima vya chumvi, na vingine viko karibu na mashimo ya vyoo. Maji kuwa meupe si kuwa safi. Chemsha, au tia dawa ya klorini kama tunavyowagawia hapa, au nunua chupa ambayo kizibo chake hakijavunjwa. Barafu nayo ni maji. Baridi haiui vijidudu, inavituliza tu. Juisi ya miwa au ya ukwaju yenye vipande vya barafu itakuvutia kweli saa nane mchana. Nami hunivutia. Kwa mtoto, hapana.

Jioni mzee atataka kuwapeleka Lighthouse, pale Mama Ngina kando ya bahari, mahali palipojengwa upya mwaka 2019. Nendeni, watoto wapungwe na upepo. Mihogo ya kukaanga ni salama ikitoka motoni. Dafu ni salama likikatwa mbele yako na ukanywa humo humo ndani. Likiwa limeshamiminwa kwenye jagi, si dafu tena, ni juisi ya kawaida. Achari na mabuyu ya rangi nyekundu waachie wakubwa. Mbegu ya mbuyu inaweza kumkaba mtoto mdogo.

Tuseme umefanya yote na bado mtoto ameharisha. Usimnyime titi, usimnyime chakula. Mpe maji ya ORS. Soma pakiti kwanza, kwa maana kuna za nusu lita na kuna za lita moja, na ukikosea kipimo unamharibu. Kila anapoharisha, mtoto wa chini ya miaka miwili apate robo kikombe hadi nusu kikombe. Mkubwa wake, nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika kumi, halafu mpe tena polepole kwa kijiko. Ndivyo tulivyofanya usiku ule Likoni, mimi na yule bibi, kijiko kwa kijiko mpaka adhana ya alfajiri. Pakiti alikwenda kununua shemeji duka la dawa. Kama duka limefungwa, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari, kijiko kidogo nusu cha chumvi. Vijiko viwe sawasawa, visirundike. Tena kuna tembe za zinki: mtoto wa miezi sita na zaidi moja kwa siku, ya miligramu 20, na wa chini yake nusu tembe, kwa siku kumi hadi kumi na nne, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu.

Lakini usikae nyumbani na kijiko kama macho yameingia ndani, utosi umebonyea, ukifinya ngozi ya tumbo inachelewa kurudi, kuna damu kwenye choo, anatapika kila kitu, hawezi kunyonya, au amelegea haamki vizuri. Na choo kikiwa kama maji ya mchele, kingi, kisichokoma, hicho kinaweza kuwa kipindupindu. Beba mtoto mara moja. Feri ya Likoni huvusha usiku na mchana, na hospitali kuu ya serikali iko Makadara upande wa kisiwani. Mnyonyeshe na umpe ORS mkiwa njiani.

Mwanangu asubuhi alikuwa ameacha kutapika. Alikojoa, nikalia kwa furaha ya mkojo. Leo yuko darasani, na wali wa nazi anaupenda.

Yule mama wa kliniki nilimwambia kama ninavyokwambia wewe. Kabla hujapanda gari, pitia zahanati na kitabu cha mtoto. Tutatazama chanjo, pamoja na ile ya rota ya kuzuia kuhara ambayo Kenya iliianza mwaka 2014, na utapewa ORS na zinki za kubeba. Weka kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye gunia linalofungwa juu ya basi. Na mkirudi, mtoto akiharisha ndani ya siku chache, usisahau kutuambia mlitoka Mombasa.

Wiki ijayo, saa hii hii, tutazungumza juu ya macho ya watoto na moshi wa jiko. Kwaherini.