SANGARI NA MBOLEA YA MKOPO
Maneno ya Katibu mbele ya Mkutano Mkuu wa mwaka wa kumi



Hesabu zimekwisha somwa, na shukrani zimetolewa na wanaostahili kuzitoa. Mimi naomba ruhusa niseme juu ya jani moja tu.

Jani hilo ni sangari. Hapana mkulima wa kahawa katika milima yetu ya Umatengo asiyeliona, lakini wengi wetu twalijua kichwa tu. Juu lina majani membamba na suke lenye vidole vichache. Fukua, nawe utakuta mashina meupe yanayotambaa chini ya udongo, yenye vifundo mfano wa muwa. Na kila kifundo chaweza kuchipua mmea mpya. Wengine hulichanganya na ndago. Vingirisha shina kati ya vidole vyako: la ndago lina pembe tatu, la sangari ni la mviringo. Tena ndago ina viazi vidogo chini, sangari haina.

Sisemi haya kama mwalimu. Baba yangu alipofariki niliachiwa mibuni yake, nami, kijana niliyetoka shule na haraka zangu, nikaweka vibarua walime shamba lote kwa jembe la kawaida mwezi wa Januari, mvua zikinyesha. Shamba lilipendeza kwa majuma mawili. Ilipofika Machi lilikuwa zulia. Kila pigo la jembe lilikuwa limekata shina moja vipande vitatu, na mvua ikaviotesha vyote. Hapo nikakopa mbolea, nikaimwaga juu ya zulia lile! Mizizi ya mbuni itafutayo chakula i karibu na uso wa udongo, palepale yalipo mashina ya sangari. Basi sangari ikashiba, mibuni ikabaki ya manjano. Deni lilikatwa katika malipo ya kahawa yangu kama ilivyo ada, maana daftari haliulizi mbolea imeliwa na nani. Mama yangu aliniuliza, “Mwanangu, ulipalilia au ulipanda?”

Leo daftari hilo nalishika mimi. Nikiona jina lenye deni kubwa na magunia machache, huuliza habari za sangari kabla ya kudhani uvivu.

Kuing'oa ni kazi ya kiangazi. Tumalizapo kuchuma, udongo ukiwa mkavu, tutumie jembe la meno, linaloinua udongo bila kukatakata. Inua, kung'uta, okota mashina yote, uyaanike juani, kisha uyachome nje ya shamba. Karibu na shina la mbuni weka jembe chini, utumie mikono, usije ukaijeruhi mizizi yake. Mvua za kwanza zikishuka, rudi ukatoe yaliyosahauliwa. Yataka misimu miwili, pengine mitatu. Dawa ya kunyunyizia aina ya glaifosati hushuka mpaka mashina ya chini, lakini ikigusa majani ya mbuni, mbuni nao huumia. Asiyekuwa na mkono mtulivu aiache, au kwanza awaone wataalamu wa utafiti wa kahawa pale Ugano.

Na ngoro zetu je? Nyasi zilizofyekwa zikipangwa miraba na kufukiwa, huoza zikawa mbolea. Lakini ukifukia sangari iliyong'olewa pamoja na mashina yake, umeipanda katika kuta nne za kila shimo.

Wenzetu wa ukanda wa ziwa, wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, ambao tangu 2012 wana wilaya yao ya Nyasa, hunilalamikia zaidi ndago katika mihogo. Hiyo haiishi kwa kung'oa mara moja, kwa kuwa viazi hukatika vikabaki chini. Palilieni mara kwa mara, na mazao yafunike ardhi upesi, maana ndago haipendi kivuli.

Limebaki jambo la aibu kwetu viongozi. Mwaka mmoja tuligawa miche ya kahawa ambayo udongo wake ulikuwa na vipande vya sangari. Kitalu sikitaji, sahihi ya kupokea ilikuwa yangu. Mzee mmoja, ambaye shamba lake lilikuwa safi kabisa, aliniletea kiriba kimoja ofisini, akakipasua juu ya meza yangu, akaondoka bila kusema neno. Tangu siku hiyo udongo huchekechwa kabla ya kujazwa katika viriba, na kila mwanachama ana haki ya kupasua kiriba kimoja mbele ya karani kabla ya kutia sahihi. Wachache mno mmeitumia haki hiyo.