Slipa za Kuogea na Waya wa Ethi

Maneno ya ofisa wa mawasiliano wa kaunti katika baraza la landilodi na wapangaji

Nimeombwa niseme machache kuhusu ukaguzi wa nyaya za stima majumbani. Sheria nitaifikia baadaye. Kwanza nizungumzie slipa.

Nilipomaliza chuo nilipanga bedsita. Keateka alinikabidhi funguo akaniambia, "Ukioga maji moto vaa slipa, na usiguse mfereji." Alilisema kama mtu anayekuonyesha pa kutupa taka. Nilioga na slipa miezi minane. Asubuhi moja ukanda ulikatika, nikateleza, nikashika mfereji. Mkono ulikaza, nikashindwa kuuachia hadi nilipoanguka. Landilodi aliposikia alicheka, akaninunulia slipa mpya.

Wangapi hapa wanaoga na slipa kwa sababu hiyo? Naona mikono. Ni mingi kuliko nilivyotarajia.

Shawa ya aina hii hula takriban wati 5,400. Kwa stima yetu ya volti 240, hiyo ni zaidi ya ampea 22. Nyingi zina koili ambayo maji huipitia moja kwa moja, kwa hiyo stima kidogo huvuja. Inayovuja inapaswa kushuka ardhini kupitia waya wa ethi, ule wa kijani na manjano. Kama ethi haipo, au ilikatwa, au imeachwa ikining'inia nyuma ya shawa, njia iliyobaki ni mwili wako. Na msitegemee breka ya kawaida. Breka ya ampea 32 haihisi uvujaji mdogo, ilhali sehemu ndogo sana ya ampea moja inaweza kusimamisha moyo. Kinachohitajika pamoja na ethi ni kile kifaa mafundi wanachokiita RCD, kinachokata stima ikivuja miliampea 30. Kina kitufe chenye herufi T. Kibonyeze angalau kila miezi sita. Kisipokata, kimekufa.

Jambo la pili ni breka inayokata kila jioni. Wapangaji wanalalamika, fundi anaitwa, anatoa breka ya ampea 20 na kuweka ya 40. Giza linaisha, watu wanashukuru. Lakini waya uliomo ukutani ni ule ule wa milimita 2.5. Sasa utachemka kabla breka haijashtuka. Breka ilikuwa inasema kweli, tukainyamazisha.

Fanyeni hesabu: birika la wati 2,000, koili ya kupikia ya wati 2,000 na pasi ya wati 1,000 kwenye ekstensheni moja ya ampea 13. Jumla inakaribia ampea 21. Soketi ikiwa ya moto, imegeuka rangi ya kahawia au inanuka kama samaki aliyeoza, zima kwenye swichi kubwa, uache kuitumia. Na ile kalamu tunayochomeka kwenye tundu la juu ili plagi ya miguu miwili iingie, tuiache. Nunueni adapta.

Sasa sheria, kwa ufupi. Kampuni ya umeme inawajibika hadi kwenye mita. Kuanzia hapo kuingia ndani, nyaya ni za mwenye nyumba. Chini ya Sheria ya Nishati ya 2019, fundi wa kuzifunga lazima awe na leseni ya EPRA. Muulizeni. Leseni ina namba na tarehe ya kuisha. Fundi wa kweli hakasiriki akiombwa aionyeshe. Katiba imezipa kaunti kazi ya kuzima moto, na wenzangu wa zimamoto wangependelea kuja kwenu mapema, wakati hakuna kinachowaka.

Landilodi, najua mnawaza gharama. Ukaguzi si kubomoa nyumba. Fundi anazima stima, anafungua boksi la breka, anapima nyaya kwa mega, anapima ethi, anajaribu RCD, kisha anawaandikia alichokuta. Bisibisi ya testa inayowaka taa haitoshi: inaonyesha kuwa stima ipo, haisemi chochote kuhusu ethi. Mkianza na vyumba vyenye shawa, mtakuwa mmeanza mahali panapofaa. Hiyo karatasi muihifadhi, na mpangaji akiiomba, aonyeshwe.

Wapangaji, najua pia mnachoogopa: ukilalamika peke yako, unaambiwa uhame. Andikeni barua moja, mtie sahihi ploti nzima, mbaki na nakala. Msiguse boksi la breka wenyewe. Waya ukianguka barabarani, kaeni mbali, mpige 97771. Mtu akinaswa na stima, zima swichi kubwa kwanza. Usimshike kwa mkono.

Mhandisi wetu ameketi pale karibu na dirisha na mega yake. Mama mwenye kitenge cha bluu aliinua mkono tangu nilipotaja slipa. Tuanze na wewe, mama.