Mlango wa Kizazi na Mlango wa Kliniki
Mada kwa semina ya wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii, Kenya

Utangulizi



Kila mwaka Kenya hupata wagonjwa wapya zaidi ya 5,000 wa saratani ya mlango wa kizazi, na zaidi ya 3,000 hufariki. Ugonjwa huu hauji kwa ghafla. Tangu virusi vya HPV vikite mwilini hadi seli zigeuke saratani, kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20. Kwa anayeishi na VVU bila matibabu, miaka 5 hadi 10. Muda wote huo mabadiliko ya awali ya seli yanaweza kuonekana na kutibiwa kwa dakika chache. Basi anayekufa mara nyingi ni yule ambaye hakuwahi kupita mikononi mwetu. Leo naomba tuwatazame wawili wa aina hiyo: mwanamke ambaye mpenzi wake ni mwanamke, na mwanamume aliyezaliwa na maumbile ya kike.

Nani hupita mlangoni?

Kwetu kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi hutolewa hasa kwenye kliniki ya akina mama na watoto, chumba cha kupanga uzazi na kliniki ya VVU. Mpango una busara: mama aliyekuja kudungwa sindano ya kupanga uzazi hupimwa papo hapo. Lakini asiye na mimba wala haja ya kupanga uzazi hana safari ya kumfikisha hapo. Na akija kwa hiari yake, hupokewa na maswali: "Umeolewa? Una watoto wangapi? Mzee anafanya kazi gani?" Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoharamisha ngono "kinyume cha maumbile", bado kipo, baada ya Mahakama Kuu kukataa kukifuta Mei 2019. Nani atajibu ukweli mbele ya karani asiyemjua? Atadanganya, au hatarudi.

Makosa yetu wenyewe

Wapo miongoni mwetu wanaomwambia mteja kwamba asiyelala na wanaume hahitaji kupimwa. Si kweli. HPV huambukizwa kwa ngozi kugusana, kwa vidole na kwa vifaa vinavyotumiwa na watu wawili. Tena wengi wa wanawake hawa waliwahi kulala na wanaume, kwa hiari au kwa kulazimishwa.

Kwa mwanamume tuliyemtaja, homoni ya testosteroni huotesha ndevu lakini haiondoi mlango wa kizazi. Hukausha uke na kuufanya ukuta wake kuwa mwembamba, hivyo spekula humuuma zaidi, na sampuli ya Pap huweza kurudi bila kusomeka. Hata aliyefanyiwa upasuaji wa kuondoa mfuko wa uzazi aulizwe kama mlango nao uliondolewa. Mara nyingine huachwa.

Mapendekezo

Kwanza, tuanze na mwili, si ndoa. "Umewahi kupimwa mlango wa kizazi? Lini?" yanatosha kufungua mazungumzo.

Pili, tuwaite wateja kwa namba. Mwenye ndevu akiitwa kwa jina la kike mbele ya benchi lililojaa, shingo zote hugeuka, naye hutoka nje.

Tatu, pale kipimo cha HPV kilipo, mteja aruhusiwe kujichukulia sampuli mwenyewe, bila spekula. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kipimo hicho kuanzia miaka 30, kirudiwe kila baada ya miaka 5 hadi 10. Kwa wenye VVU, kuanzia miaka 25, kila baada ya miaka 3 hadi 5. Tumweleze mapema kuwa kukutwa na HPV si kukutwa na saratani, ila atahitaji kuangaliwa zaidi, na hapo spekula itatumika.

Nne, kabla ya kutuma majibu tumuulize ni nani mwingine hushika simu yake. Ujumbe umwite kliniki tu, usitaje kipimo.

Tano, wahudumu wa afya ya jamii wafanye kazi na watu wa makundi haya mawili wenyewe. Rafiki aliyekwisha kupimwa, anayeweza kusema nesi yupi hana maneno, atamleta mwenzake kwa urahisi kuliko bango lolote ukutani.

Hitimisho

Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, huduma za uzazi zikiwemo. Haikuweka sharti la mume.

Kesho asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, chukueni fomu ya usajili ya kituo chenu mkaisome kama mtu asiye na mume wala haja ya kumpata. Wekeni alama kwenye swali ambalo lingewafanya mnyanyuke na kuondoka. Kazi yetu inaanzia hapo.