Mbuzi akikohoa, usingoje kesho
Hotuba ya afisa wa mifugo kwa wafugaji, Kitengela



Leo nazungumzia homa ya mapafu ya mbuzi, ile Wamaasai huita olkipei. Bakteria wake walitambuliwa mara ya kwanza hapa Kenya mwaka wa 1976.

Utaitambuaje? Mbuzi ana joto la nyuzi 41 au zaidi, anakohoa, anahema kwa shida na kubaki nyuma ya kundi. Husimama ametanua miguu ya mbele, shingo ameinyoosha.

Mmoja akikohoa, wa karibu huvuta hewa hiyo, hasa wakibanana bomani usiku. Mtenge mgonjwa siku hiyo hiyo, umwite daktari wa mifugo. Oksitetrasiklini au tailosini husaidia ikitolewa mapema. Usikisie kipimo, wala usiache dawa katikati. Maziwa yake usinywe wala usiuze hadi siku alizotaja daktari ziishe.

Mbuzi uliyemnunua sokoni Bissil au kwingineko, mweke kando mwezi mmoja. Wazima wachanjwe kila mwaka.

Binadamu haambukizwi ugonjwa huu, lakini karo ya watoto wetu inalala katika boma hilo.