Maelezo ya Ofisa Habari kwa Watumishi Juu ya Simu za Mezani



Mtambo wetu wa simu ulipotiwa programu mpya, simu za mezani za ghorofa ya chini zilinyamaza, ilhali vioo vyake vinawaka. Hapo ndipo tulipoghurika. Simu hizi hupata umeme kwa waya ule ule wa mtandao. Kuwaka si dalili kwamba zimepokelewa na mtambo. Bibi mmoja anayefuatilia mafao ya marehemu mumewe alipiga siku tatu, nasi tumekaa tukidhani hatutafutwi na mtu.

Sababu ni hii. Kabla ya kuzungumza kwa siri, simu na mtambo hupatana kwa kanuni ya usalama iitwayo TLS. Toleo lake la kwanza ni la mwaka 1999, na toleo la 1.2 ni la mwaka 2008. Mwaka 2021 matoleo yaliyotangulia hilo la 1.2 yalitangazwa rasmi kuwa hayafai tena, na programu mpya huyakataa. Simu kongwe haikuharibika, imezuiliwa mlangoni.

Kwa hiyo zisitupwe. Baadhi, zikitiwa programu mpya ya kwao wenyewe, hupokelewa. Zisizoiweza ndizo za kubadilishwa. Kuzihesabu kulipasa kutangulie, nasi, nakiri, hatukufanya.

Kila mtumishi leo anyanyue mkonga asikilize mlio. Asipousikia, anakili jina la aina lililoandikwa chini ya simu, amfikishie fundi kabla ya saa nane mchana. Simu ya mapokezi inafanya kazi. Kwa sasa wananchi waitumie hiyo.